Kompyuta Kumi na Moja za Ukumbini, na Mlango Nilioufunga

Kitu cha kwanza kabisa nilichofanya kazini ni kufunga kompyuta ya Mama Odette kwa neno la siri ambalo mimi mwenyewe nilishindwa kuifungulia. Ndani yake kulikuwa na kurasa thelathini na moja zilizotakiwa kwa wakili Ijumaa ya wiki ya pili. Nakala nyingine haikuwepo popote duniani, kwa sababu niliifuta mwenyewe pia, siku ileile, kwa mkono huuhuu, huku natafuna chipsi.

Naanza na hilo kwa sababu mtalisikia tu. Akina mama wa ukumbini wana kumbukumbu kubwa kuliko diski yoyote mtakayokutana nayo.

Ninyi wawili, Zuhura na Kelvin, kuanzia Jumamosi ijayo ile meza iliyo karibu na radieta ya kupasha joto ni yenu. Mimi nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, mitihani inanikodolea macho, na mama amesema mtu hawezi kuzitumikia kompyuta mbovu na Fizikia kwa wakati mmoja. Mama huyohuyo amenikataza kuandika haya kwa Kiingereza, eti kwa Kiingereza nadanganya kirahisi zaidi. Kwa hiyo mkikuta Kiswahili changu kinachechemea, jueni angalau kinachechemea kwa ukweli.

Nilianza nikiwa Year 10, na miaka kumi na mitano. Ofisi moja ya Wembley ilikuwa inahama, ikatupa kompyuta kumi na moja zilizochoka, na shemasi akazileta kwa gari hadi ukumbi wetu wa nyuma ya kanisa hapa Barking, mashariki ya London. Watumiaji wangekuwa akina mama wa Kikongo, wengi wao wa Bukavu na Uvira: Kiswahili cha nyumbani, Kifaransa cha shule, Kiingereza cha kazini. Kwenye karatasi yoyote ya maana wanaandika Kifaransa. Windows iliyokuwa kwenye zile kompyuta ilikuwa ya zamani, imepitwa na wakati, na kuiwasha kulikuwa ni kama kumwamsha mtu aliyetoka zamu ya usiku. Ilihitajika Linux, mfumo mwingine wa bure wa kuendeshea kompyuta, mwepesi, wa Kifaransa. Mama yangu, ambaye ni mtu wa Morogoro na hajui Linux ni nini, akasimama kwenye mkutano akasema, "Baraka anajua kompyuta." Nilijua kompyuta kama mtu anayetazama mpira anavyojua mpira.

Mama Odette anafanya kazi na mama kwenye nyumba ya kulelea wazee. Lakini kule Bukavu alikuwa karani wa mahakama, miaka kumi na tisa akipiga mashine ya chapa. Mtamwona akiandika: haangalii vidole hata kidogo. Anakutazama wewe usoni huku vidole vinakimbia, na unaanza kujiuliza kama anakuandika wewe.

Hapa kuna jambo moja la ufundi, msiliruke. Kibodi ya Kifaransa imepangwa tofauti na ya Kiingereza. Herufi tano zimehama nyumba: A na Q zimebadilishana, Z na W zimebadilishana, na M imehamia pembeni ya L. Nambari nazo hazitoki bila kushikilia Shift. Laptop ya Mama Odette aliinunua hapahapa London, kwa hiyo vitufe vyake vimechapwa Kiingereza, lakini ndani alikuwa ameiwekea mpangilio wa Kifaransa. Kwake yale maandishi juu ya vitufe ni mapambo tu. Vidole vyake viko Bukavu.

Jumamosi yangu ya kwanza aliniletea hiyo laptop kabla hata sijagusa zile kumi na moja.

"Baraka, hii ordinateur yangu imezeeka kuniruka," alisema. "Nikiiwasha, naweza kupika mboga, nikala, nikaosha sahani, ndiyo inaniambia bonjour. Uifanye nyepesi. Lakini mule ndani iko karatasi ya Espérance. Ile usiiguse."

Espérance ni binti yake. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na mitatu, amebaki Bujumbura kwa shangazi yake. Wakili alimtaka Mama Odette aandike habari yote tangu mwanzo: waliachanaje, lini, nani alikuwepo, nani anamtunza mtoto. Aliiandika kwa miezi, kwenye mapumziko ya kazi, kwa Kifaransa kilekile cha mahakamani, ili mtafsiri aigeuze baadaye. Hakuwahi kuichapa kwenye karatasi kwa sababu printa ya ukumbini ilikuwa haina wino. Bila kurasa hizo, ombi la mtoto kuja lingepitwa na siku yake, na kuanza upya ni kuanza upya kweli.

Niliyasikia yote hayo. Nikatikisa kichwa kama daktari. Kisha nikafanya hivi.

Nilikuwa na flash moja. Nikahamishia kurasa humo. Nikachagua Linux niliyoipenda mimi, ile nzuri kuliko zote, madirisha yanayeyuka yakifungwa. Majina halisi ya hizi Linux sitayataja, kwa sababu ukisifu moja, wapenzi wa nyingine wanakuja juu kama mashabiki baada ya penalti. Hii tuiite Tausi. Wakati wa kuiweka, ikaniuliza kama nataka diski yote ifungwe kwa neno la siri. Nilikuwa nimetazama video kuhusu wadukuzi. Nikasema ndiyo, bila shaka, Mama Odette wa Barking lazima alindwe dhidi ya majasusi.

Ikaomba neno. Dakika ileile Mama Odette na rafiki yake Mama Chantal walikuwa wananifokea nishushe miguu kwenye kiti. Nikaandika: wamamawakali2. Mbili, kwa sababu mkali namba moja anaishi nyumbani kwetu.

Nikarudisha kurasa kwenye laptop, nikazifungua, zipo. Nikaifuta flash ili niitumie kuweka Linux kwenye kompyuta ya pili. Ndipo nikakumbuka Kifaransa! Nikageuza kila kitu: menyu, tarehe, kibodi. Nikazima, nikawasha.

Ikaomba neno la siri. Nikaliandika. Ikakataa.

Nikaandika tena polepole. Ikakataa. Pale mwanzoni Tausi haikuonyeshi herufi wala vidoti, skrini ni nyeusi tu, unaandika kama unayeuambia ukuta. Nikaandika kwa nguvu, kana kwamba tatizo ni kusikia. Ikakataa.

"Imekwisha?" akauliza Mama Odette, mfuko wa sokoni mkononi.

"Bado kidogo, mama. Naenda nayo nyumbani."

Wiki ile nililala nikiwa mjinga, nikaamka nikiwa mjinga, na nikaendelea na kazi. Nilikuwa nimeamua: hii kitu nitaifungua, na hakuna mtu atakayejua. Hoja yangu ilikuwa kwamba nilikosea herufi nilipoliandika mara ya kwanza, kwa hiyo nijaribu makosa yote yanayowezekana. Wamamwakali2. Wamamawakalii2. Wamawakali2. Kila jaribio nililiandika kwenye daftari la Kemia, nikalikata kwa mstari. Kuhusu kibodi niliwaza, nikajiambia hapana: Kifaransa kipo ndani ya nyumba, na huu ni mlango wa nje, umebaki Kiingereza. Nilikuwa na uhakika kabisa. Jihadharini na siku mtakayokuwa na uhakika kabisa.

Jumamosi ya pili nikaenda ukumbini nimejifanya mtu wa mpango. Kama siwezi kufungua laptop, basi angalau zile kumi na moja nizichagulie mfumo sawasawa. Safari hii sikuweka chochote kwenye diski. Linux nyingi zinakubali kuanzia kwenye flash, unazijaribu bila kugusa kilichomo ndani. Ningefanya hivyo Jumamosi ya kwanza, haya yote yangekuwa ukurasa mmoja.

Nikawakalisha akina mama, nikawasha Tausi kwenye kompyuta ya kwanza. Sasa, Mama Chantal hana saa, ana rozari. Kipimo chetu cha kasi kilizaliwa hapo, na naomba msikibadilishe.

"Salamu Maria kumi na mbili," alisema Tausi ilipomaliza kuwaka. "Na bado inazungusha kile kiduara. Baraka, hii ni ordinateur ao ni novena ya siku tisa?"

Ya pili tuiite Sisimizi. Ndogo sana, iliwaka kwa Salamu Maria mbili, hata kwenye ile kompyuta kuukuu kuliko zote. Nikapiga makofi peke yangu. Lakini menyu zake zilikuwa Kifaransa juu, Kiingereza chini, na dirisha la kuchapa lilikuwa Kiingereza kitupu.

"Hii ni kama watoto wenu," Mama Chantal akamwambia mama yangu, aliyekuwa anapanga vikombe. "Unaisalimia na Kiswahili, inakujibu na Kiingereza."

"Afadhali hiyo inajibu," mama akasema, akinitazama.

Ya tatu niliiita Punda. Haina sura. Rangi yake ni ya ukuta wa hospitali. Salamu Maria nne. Menyu zote Kifaransa mpaka chini, na kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kifaransa ipo tayari. Mama Odette alikaa mbele yake, akaandika barua fupi huku ananitazama usoni.

"Hii inafanya kazi," alisema. Kisha, vidole bado vinakimbia, "Baraka, na ile yangu iko wapi?"

"Inaendelea, mama."

"Inaendelea kwenda wapi? Juma hii siku ya tano niko kwa avocat, kwa wakili. Ijumaa. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Unanisikia na masikio ao unanisikia na kichwa?"

Jumapili, Jumatatu, Jumanne nikaongeza kurasa za daftari. Jumatano jioni, narudi kutoka kuoga, namkuta mama amekaa kitandani kwangu, bado na sare ya kazi, daftari la Kemia limefunguka magotini.

"Baraka," alisema taratibu. Mama akisema taratibu, kimbia. "Hii Kemia mnafundishwa wapi? Wamamawakali. Wamamawakali. Kurasa sita. Mwalimu ndiye amewaambia?"

Nikamwambia yote. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Aliuliza swali moja tu.

"Umemwambia Odette hilo neno?"

"Mama, siwezi! Litamkasirisha. Mpaka niifungue kwanza..."

"Wewe unaogopa atakasirika kwa neno. Mwenzako ana mtoto mule ndani. Kesho ukitoka shule, moja kwa moja ukumbini. Nitakuwepo."

Alhamisi ilinyesha, ile mvua ya Barking isiyo na haraka. Mama Odette alikuwa amekaa kwenye meza ya radieta, koti hajavua. Nikaiweka laptop mbele yake. Nikasema nimeifunga na siwezi kuifungua, na ile flash niliifuta, na kurasa za Espérance zimo humo tu. Nilisema huku natazama sakafu, kwa hiyo sijui uso wake ulikuwaje. Niliona tu mkono wake umeshika ukingo wa meza, kucha zimekuwa nyeupe.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu siku ile ya kwanza."

"Siku kumi na mbili. Siku kumi na mbili unaniambia inaendelea." Akaiwasha laptop. "Neno ni gani?"

Nikamtazama mama. Mama akatazama dirisha. Hakuna msaada uliotoka kule.

"Wamama... wakali. Mbili."

"Sema tena."

"Wamamawakali, imeshikana, herufi ndogo. Halafu mbili. Nambari."

Mama Chantal, aliyekuwa jikoni, akatokeza kichwa. Mama Odette akaivuta laptop kwake. Hakutazama kibodi. Alinitazama mimi, moja kwa moja, kama alivyokuwa akiwatazama washtakiwa, na vidole vikapita juu ya vitufe mara moja tu, haraka, bila kusita.

Skrini ikabaki nyeusi. Taa ya diski ikaanza kucheza. Kisha madirisha ya Tausi yakajitokeza, na katikati yake faili moja: Espérance.

Mama Odette akalifungua. Akashuka nalo, ukurasa kwa ukurasa, midomo inahesabu, mpaka thelathini na moja. Ndipo akavua koti.

Mimi nilikuwa bado nimeganda kwenye vidole vyake. Kwa kila A, kidole kilienda kwenye kitufe kilichochapwa Q. Kwa W kilienda kwenye Z. Kwa M kilienda pembeni ya L. Kwa mbili alishikilia Shift. Nilipogeuza kibodi kuwa ya Kifaransa, mlango wa nje nao uligeuka. Siku kumi na mbili nilikuwa naandika neno sahihi kwenye vitufe visivyo sahihi, na mtu pekee wa Barking ambaye mikono yake ilijua njia ndiye niliyemficha neno lenyewe. Ningemwambia Jumamosi ya kwanza, kwa aibu ya dakika moja, angefungua kabla chipsi hazijapoa.

"Mimi ni mukali namba mbili," Mama Odette alisema mwishowe. "Namba moja ni nani?"

Nikaanza kuishughulikia printa. Ilikuwa imepata wino mpya na ilihitaji uangalizi wangu wa karibu sana.

"Baraka," mama akasema kutoka dirishani, "mwenzangu amekuuliza."

Kurasa zikatoka zote thelathini na moja, nikazipanga, nikazibana. Ijumaa asubuhi zilikuwa kwa wakili. Mama Odette hakunifukuza kazi, kama mnavyojua. Alifanya kitu kibaya zaidi: alijifanya msimamizi wangu. "Kesho kutwa unakuja hapa," aliniambia. "Hiyo tausi unaitoa. Unaweka ile punda. Na mimi ninakaa pembeni."

Kompyuta zote kumi na moja, pamoja na laptop yake, zikapata Punda, na alikaa pembeni kweli. Kanuni za pale mezani ni zake zaidi kuliko zangu. Flash ziko mbili, na ile yenye utepe mwekundu ni ya kurasa za watu, haifutwi hata dunia ikiungua. Kabla ya kugusa diski ya mtu, karatasi zake zichapwe, au zikae mahali pawili, na yeye mwenyewe azione kwa macho. Kibodi ipangwe kwanza, neno la siri baadaye. Na neno lisiwe na zile herufi zinazohama, wala nambari. Jaribuni kutunga neno la Kiswahili lisilo na A wala M, mtakaa mchana kutwa. Ninyi mna kijikokijeuri kama mfano wa kufundishia. Msilitumie kweli, Mama Chantal analijua.

Kwa anayeandika huku anatafuta herufi kwa macho, wekeni mipangilio yote miwili na kile kibendera cha kuibadilisha pembeni mwa skrini, na mfundisheni kukibonyeza. Kwa Mama Odette, msiguse chochote. Na mkiambiwa kompyuta imekuwa nzito tena, msiukimbilie mfumo. Angalieni kwanza kivinjari kimefunguliwa kurasa ngapi. Mama Chantal aliwahi kuwa na kurasa arobaini na tatu, zote ni za mapishi, na alikuwa anamlaumu Punda.

Zile kompyuta tatu zilizokufa baadaye zilikufa kwa uzee, mbele ya mashahidi. Nane zilizobaki bado zinawaka kwa Salamu Maria nne, na tano siku za baridi.

Jibu la ombi lilichukua zaidi ya mwaka. Katika mwaka huo sikuwahi kumwuliza Mama Odette, na yeye hakuwahi kunikumbusha. Alikuwa tu akikaa kwenye Punda kila Jumamosi akimwandikia mtoto barua ndefu, macho yake kwangu, vidole Bukavu. Kuna Jumamosi nyingi ningebaki kitandani. Nilikuwa nikikumbuka ule mkono kwenye ukingo wa meza, navaa viatu.

Mwezi uliopita Espérance alifika. Mama aliniamuru niende uwanja wa ndege wa Heathrow, na safari ya treni toka Barking hadi kule ni ndefu, inakupa muda wa kutosha kutunga hotuba. Nilitunga moja nzuri. Sikuitumia. Mlango wa wasafiri ulifunguka, akatoka msichana mrefu kuliko picha zake, na Mama Odette, ambaye sijawahi kumwona akikimbia hata kwa basi la mwisho la zamu, alikimbia. Tulisimama pembeni, mama na mimi, tukisoma matangazo ya kukodisha magari kwa makini sana.

Baadaye wakaja tulipo, wameshikana, nyuso zimelowa. Espérance alikuwa na mabegi mawili, moja dogo na moja limefungwa kwa kamba kwa sababu zipu ilikwisha kata tamaa. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Na huyu ni nani?" alimwuliza mama yake.

Mama Odette alifungua mdomo ajibu. Mama yangu akamtangulia.

"Huyu ndiye aliyekufungia mlango. Mpe hilo begi zito."